Sanamu Haiandiki Barua

Msomaji kijana, siku moja simama ufukoni Nyali uzitazame meli zitokazo Kilindini. Bahari hiyo ndiyo iliyopitwa Februari 1944 na meli Khedive Ismail, iliyochukua kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki kwenda Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo. Tarehe 12 nyambizi ya Japani iliizamisha karibu na visiwa vya Maldives, na watu karibu 1,300 wakafa. Wenzao waliofika Burma walipigana katika matope na homa, na majeruhi wakalazwa katika hospitali za India. Huko aliyejua kuandika aliwaandikia jamaa zake kwa Kiswahili. Asiyejua alimwomba mwenzake. Barua zao zilisomwa kwanza na wakaguzi wa jeshi.

Wako wasemao kuwa askari wetu wamekwisha kukumbukwa, kwa kuwa sanamu zao za shaba zimesimama Dar es Salaam na Nairobi. Nakataa. Sanamu hizo zilisimamishwa kwa ajili ya vita vya 1914 hadi 1918, na maneno yaliyoandikwa chini yake yalitungwa na Rudyard Kipling, mshairi wa Kiingereza. Mwili ni wa Mwafrika. Ulimi ni wa mtawala. Sanamu haiugui homa, haiulizi hali ya mama, wala haidai mshahara wake. Barua hufanya yote hayo.

Wako pia wasemao kuwa vita vile havikuwa vyetu, basi tuvisahau. Havikuwa vyetu, nakubali. Lakini mguu uliokatwa ulikuwa wetu. Mzazi haachi kumlilia mwanawe kwa sababu alifia shamba la jirani.

Watazame watu wa Bara Hindi. Kuanzia Desemba 1914 askari wao waliojeruhiwa Ufaransa waliuguzwa katika jumba la kifalme la Brighton, Uingereza. Wakaguzi walizifasiri barua zao kwa Kiingereza ili kuwachunguza. Nakala zimebaki, na kilichokusudiwa kuwa upelelezi kimekuwa hazina ya wajukuu. Mwaka 2014 Kamila Shamsie, mzaliwa wa Karachi, alitoa riwaya A God in Every Stone, na ndani yake askari aliyepoteza jicho vitani anauguzwa Brighton. Huyo si shujaa wa shaba, ni mtu.

Sisi twangoja nini? Makasha ya mababu yanaliwa na mchwa. Uliza kwenu, uwe Kisauni, Likoni au Changamwe: ni nani aliyekwenda Burma? Ukipata barua, omba kwanza ruhusa ya wenyewe, maana huzuni ya mtu si mali ya kuokota. Kisha chora, tunga shairi, andika mchezo. Lakini usikipambe kidonda ili kimpendeze mtazamaji. Askari akisema aliona njaa, na sanaa yako iseme njaa. Msanii alisifuye jeraha pasipo kumsikiliza mwenye jeraha ni mkaguzi wa pili: wa kwanza alifuta maneno kwa wino, naye huyafuta kwa sifa.