Mgonjwa Anayejua Kipimo Chake Asikaripiwe

Wako wenzetu vijijini ambao damu yao haitakiwi kuganda upesi kama ya watu wengine. Baadhi yao waliwahi kupata donge la damu mguuni au kwenye mapafu. Wengine walipasuliwa wakawekewa vali ya bandia, ile ambayo watu huiita vali ya chuma. Vali ni mlango mdogo ndani ya moyo. Huruhusu damu kwenda mbele na kuizuia isirudi nyuma. Hapa kwetu milango hiyo huharibika mara nyingi kutokana na maumivu ya koo ya utotoni yasiyotibiwa, ambayo baadaye huleta homa na maumivu ya viungo, na mwisho huushambulia moyo.

Vali ya bandia huokoa maisha, lakini damu ikikutana nayo hupenda kuganda. Donge likitoka hapo na kwenda kwenye ubongo, mtu hupata kiharusi. Kwa hiyo mgonjwa huyo hunywa dawa iitwayo wafarini kila siku, maisha yake yote. Dawa mpya za kuzuia damu kuganda, ambazo hazihitaji vipimo vya mara kwa mara, haziwafai watu wenye vali hizo.

Wafugaji watapenda kujua asili ya dawa hii. Katika miaka ya 1920 ng'ombe wengi wa Marekani na Kanada walikufa kwa kutoka damu baada ya kulishwa majani makavu yaliyoota ukungu. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, wakiongozwa na Karl Link, waliigundua sumu iliyokuwa ndani ya majani hayo. Kutokana na kazi hiyo ilitengenezwa wafarini, ikaanza kuuzwa mwaka 1948 kama sumu ya panya, na tangu mwaka 1954 ikaruhusiwa kutibu watu. Dawa ni ileile. Tofauti ni kiasi. Ikizidi, mtu hutoka damu. Ikipungua, damu huganda.

Ndiyo maana kuna kipimo kiitwacho INR, ambacho Shirika la Afya Duniani lilikieneza mwaka 1983 ili hospitali zote zisome namna moja. Mtu asiyetumia dawa hii huwa na INR ya 1 hivi. Wagonjwa wengi wa wafarini hutakiwa wawe kati ya 2 na 3. Baadhi ya wenye vali ya bandia hutakiwa wawe juu kidogo, kati ya 2.5 na 3.5. Kila mgonjwa aulize namba yake mwenyewe, wala asiazime ya jirani.

Siku hizi kipimo hiki kinaweza kufanyika nyumbani. Mashine yake ni ndogo, inashikika mkononi. Mtu hunawa mikono, huikausha vizuri, hujichoma kidoleni, na tone la kwanza la damu huliweka mara moja kwenye stripu. Jibu hutoka baada ya dakika moja hivi. Wagonjwa wa Ujerumani walianza kujipima hivyo katika miaka ya 1980. Tafiti nyingi zilizolinganishwa zimeonyesha kwamba waliofundishwa vizuri kujipima walipata madonge ya damu kwa uchache kuliko waliotegemea kliniki peke yake, na kutoka damu hakukuongezeka.

Mimi ni tabibu msaidizi mwenye cheti, nafanya kazi katika zahanati ya kijiji. Mashine hizi kwetu ni chache, na stripu zake ni ghali. Lakini nimeona kwamba hata anayeipata hukutana na kikwazo kingine, nacho ni sisi watumishi wa afya.

Mama mmoja wa kijiji chetu ana vali ya bandia. Mwanawe aliyeko mjini alimnunulia mashine, na hospitali iliyompasua ikamfundisha kuitumia. Siku moja alipata homa akaenda kwenye kituo fulani cha afya akiwa na daftari lake. Akasema, "Mwanangu, mimi natumia wafarini, na kipimo changu cha jana ni 3.1. Dawa hii unayoniandikia haitagombana na ile?" Akajibiwa kwa ukali, "Mama, wewe ndiye daktari au mimi?" Akanyamaza, akapokea dawa, akaondoka. Dawa yenyewe ilikuwa septrini. Septrini huiongeza nguvu wafarini. Bahati nzuri alipitia kwetu kabla hajaimeza, tukapiga simu hospitali yake, akabadilishiwa.

Nasema wazi: swali la mama yule halikuwa dharau. Mgonjwa anayeuliza hivyo anamsaidia mtumishi asimdhuru. Sisi tunamwona mtu kwa dakika kumi, yeye anaishi na damu yake usiku na mchana. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwafundisha wazazi wetu, katika vikundi vya kusikiliza redio, kwamba afya yao iko mikononi mwao pia. Hatuwezi kuwafundisha wananchi hivyo, kisha wakija na namba zao tuwakaripie.

Wagonjwa nao wana wajibu wao. Nawashauri haya.

Kwanza, uwe na daftari. Andika tarehe, INR, miligramu za dawa ulizokunywa, na jambo lolote jipya, kama vile homa, kuhara, dawa nyingine au dawa ya mitishamba. Andika miligramu, usiandike rangi ya kidonge, kwa maana rangi hutofautiana kati ya kiwanda na kiwanda.

Pili, kupima si kujitibu. Usipandishe wala kushusha dawa kwa kichwa chako, ila kama hospitali imekufundisha na kukuruhusu. Ukisahau kidonge cha jana, leo usinywe viwili. Andika kwamba umesahau.

Tatu, zijue namba za hatari. INR ikifika 5 au zaidi, wasiliana na hospitali siku hiyohiyo. Ukiona mkojo mwekundu, choo cheusi kama lami, au damu isiyokoma, nenda hata kama namba ni nzuri. Ukianguka na kuumia kichwa, nenda pia. Mwenye vali ya bandia akiona namba imeshuka chini ya kiwango chake, apige simu siku hiyohiyo. Mdomo ukienda upande au mkono ukilegea ghafla, usipoteze muda kujipima, kimbilia hospitali.

Nne, mboga usiziache. Mchicha, kisamvu na matembele vina vitamini K, ambayo hupunguza nguvu ya wafarini. Ubaya ni kula nyingi wiki hii na kutokula kabisa wiki ijayo. Kula kiasi kilekile siku zote.

Tano, ukifika kwa mtumishi yeyote, hata kama umekwenda kwa jino au kidonda, anza kwa kusema, "Natumia wafarini." Kisha fungua daftari. Ukipewa dawa mpya, uliza kwa upole kama inapatana nayo. Ukijibiwa vibaya, usigombane wala usiondoke kimya. Omba kuonana na mganga mfawidhi, au omba simu ipigwe kwenye hospitali yako. Namba ya simu hiyo iandike kwenye jalada la daftari.

Sita, akina mama wenye umri wa kuzaa wazungumze na daktari kabla ya kushika mimba. Wafarini inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, hasa katika miezi ya mwanzo. Lakini kuiacha ghafla kunaweza kumuua mama mwenye vali ya bandia. Ukihisi una mimba, nenda upesi, na usikatishe dawa peke yako.

Kwa watumishi wenzangu nina machache. Tukisikia neno wafarini, tuweke kalamu chini kwanza. Septrini, flajili na fluconazole huipandisha INR. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha. Aspirini na diklofenaki huongeza kutoka damu. Sindano ya msuli inaweza kuleta uvimbe wa damu, basi tuangalie kipimo kwanza. Lakini penisilini ya kila mwezi ya mgonjwa wa moyo tusiikatishe bila kuwauliza waliomwandikia. Kama hatujui, kuuliza si aibu. Na tukiitilia shaka mashine ya mgonjwa, tusiitupe. Tuchukue damu ya mshipani tukalinganishe kwenye maabara, maana mashine nayo inaweza kupotoka, hasa kwa mtu mwenye upungufu mkubwa wa damu.

Kwa viongozi wetu naomba jambo moja. Si lazima kila mgonjwa anunue mashine yake. Mashine moja katika kituo cha afya inaweza kuwahudumia wagonjwa wa kata nzima, mradi kila mtu atumie stripu mpya na sindano mpya, wala vifaa vya kuchomea visichangiwe. Mgonjwa wa kijijini asilazimike kuuza mbuzi apate nauli ya mjini, kwa ajili ya tone moja la damu.

Wapo watakaosema kwamba mgonjwa akijua sana atatudharau. Mimi sioni hivyo. Mkulima anayejua kupima mvua hamdharau bwana shamba. Huelewana naye upesi zaidi. Mgonjwa aliyefika na daftari amekwisha kufanya nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni yetu, nayo huanza kwa kumkaribisha kiti na kusoma alichoandika.