Kura Tunayo, Tumeikalia

Jamani, vyama vya wanafunzi hapa England vikiungana kwenda kuwabana wabunge juu ya ada, sisi wageni tunatajwa mwishoni, tena kwa haraka. Ada ya mwenyeji ina kikomo kisheria. Ya kwetu haina, chuo kinajipangia. Ukiuliza unaambiwa: wageni hawapigi kura.

Si kweli! Mkenya, Mtanzania, Mganda na Mnyarwanda ni raia wa Jumuiya ya Madola. Ukiwa na viza halali na unaishi hapa, unajiandikisha na kumchagua mbunge. (Ndugu zetu wa Kongo na Burundi ndio hawamo, bahati mbaya.)

Na mbunge mmoja si mchezo. Januari 2004, muswada wa kupandisha ada hadi pauni 3,000 ulivuka kusomwa mara ya pili kwa kura 316 dhidi ya 311. Wangegeuka watatu tu, ungeanguka.

Mimi nimeshajiandikisha. Kikao kijacho cha chama nitauliza kwa nini barua yao kwa mbunge haina hata mstari mmoja kuhusu ada zetu. Nani tunakwenda naye?