Mnalipia Koo, Somo Halipo

Ofisi zetu za ushirika, kuanzia Kayanga wilayani Karagwe hadi Nkwenda wilayani Kyerwa, zimeshikilia imani moja: mafunzo ya mawasiliano ya biashara yakirekodiwa kwa sauti nzito ya mtangazaji wa Dar es Salaam, muziki ukipita chini kwa chini, basi watumishi wameelimika. Ni upuuzi, tena upuuzi wa gharama.

Tuchukue kahawa, inayotulisha. Tuseme mkulima anasikia bei ya mnada kwa kilo ya kahawa safi. Yeye ghalani amepeleka maganda, ambayo yakikobolewa hubaki karibu nusu ya uzito. Hapo bado ushuru wa halmashauri, makato ya chama cha msingi, na ya KDCU, chama kikuu cha Karagwe na Kyerwa. Anapopokea fedha pungufu ya alizokwisha kuzipangia matumizi, anaamini ameibiwa. Pengine ameibiwa kweli, lakini mara nyingi ni kwamba hakuna aliyemweleza. Karani naye anamaliza kwa jibu moja: "Mzee, utaratibu ndio huo."

Msimu ujao mzee huyo anamsikiliza mnunuzi wa butura, anayenunua kahawa ingali ua. Biashara hiyo ni haramu na ni ya kinyonyaji, siitetei. Ila mtazameni anavyofanya kazi: anakaa, anauliza karo ya mtoto imefikia wapi, anataja kiasi, anahesabu noti mbele ya mama mwenye nyumba. Hana sauti ya redio hata chembe. Kwa mawasiliano ya biashara anawashinda makarani wetu wote, na hakuna kozi aliyopitia.

Sasa sikilizeni tunachompa karani: "Mawasiliano yenye tija ni nguzo ya taasisi." Maneno hayohayo yameandikwa kwenye skrini, msomaji anayarudia kwa mbwembwe. Richard Mayer, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, ameonyesha kwamba kurudia kwa sauti maandishi yaliyo mbele ya mwanafunzi mara nyingi humpunguzia uelewa. Mwaka 2004 yeye na wenzake walibadilisha kitu kidogo tu katika somo la upumuaji: palipotajwa mapafu wakaweka mapafu yako. Waliosikia "yako" walifanya vizuri zaidi kwenye maswali ya kutumia walichojifunza. Koo halikubadilishwa, aliyebadilika ni anayezungumziwa.

Najua nitakachojibiwa nikisema asikike mtu wa hapa: ana lafudhi ya Kinyambo, haonekani mtaalamu. Mtaalamu kwa nani? Karagwe ina redio ya jamii, FADECO, aliyoianzisha Joseph Sekiku, na mimi sijakutana na mkulima aliyeizima kwa sababu msemaji ametamka kama jirani yake.

Sisemi turekodi chini ya mgomba huku majogoo wakiwika. Sauti lazima iwe safi, isikike hata kwenye simu ya bei nafuu. Lakini hiyo ni kazi ya maikrofoni na chumba tulivu, na havihitaji nauli ya kutoka Dar.

Fedha ya msomaji huyo wa Dar mpeni katibu wa AMCOS, yaani chama cha msingi, ambaye wakulima humfuata hata siku ya malipo mabaya. Mkalisheni kwenye chumba chenye mapazia mazito, msimpe karatasi ya kusoma. Mwambieni hivi: mkulima ameleta magunia matatu ya maganda, bei ya mnada ameisikia, na amekasirika. Haya, mweleze.