Kuhesabu Nukta au Kufinyanga Umbo?

Kompyuta iliyokwisha kutumika ofisini si kitu kigeni tena sebuleni, na mzazi aliyeinunua kwa ajili ya masomo ya watoto husikia siku moja kwamba kijana wake anataka kutengeneza picha zinazokwenda, au mchezo wa kuchezwa kwenye kioo. Mzazi akiisha kukubali, huulizwa jambo asilolitarajia: iwekwe programu ya kuchorea nukta, au injini ya kuchora maumbo? Wengi hulipuuza swali hilo kuwa la kitoto. Hata hivyo, jibu lake laweza kuamua kazi ya miezi mingi, na umeme wa nyumba nao umo ndani yake.

Picha ya nukta ni ndugu ya kitambaa cha meza kinachotariziwa kwa kuhesabu nyuzi. Kioo hugawanywa kuwa vijumba vidogo viitwavyo pikseli, na mchoraji hutia rangi kijumba kimoja kimoja. Umbo la vijumba 16 kwa 16 lina nukta 256 tu, na kila moja ni lazima ifanye kazi yake. Masharubu na kofia ya Mario, aliyeonekana mara ya kwanza katika mchezo wa Donkey Kong mwaka 1981, yalizaliwa na uhaba huo. Shigeru Miyamoto wa Japani hakuwa na nafasi ya kuchora nywele wala kinywa, basi akamvika mtu wake kofia na kumpa masharubu. Kazi ya namna hii haihitaji kompyuta yenye nguvu. Aseprite ni programu ya kulipia inayopendwa na wengi, na LibreSprite, iliyochipuka katika toleo lake la zamani, hutolewa bure.

Injini ya kuchora maumbo hufuata njia nyingine kabisa. Hapa kijana hafanyi kazi ya mtarizi bali ya mfinyanzi: huunda mwili wa mtu au mnyama pande zote, huupaka rangi, huweka taa na kamera, kisha huiachia mashine ichore yale ambayo kamera imeyaona. Programu ya Blender, iliyoanzishwa Uholanzi na Ton Roosendaal katika miaka ya 1990, ina injini mbili za kazi hiyo. Cycles hufuata miali ya mwanga jinsi inavyogonga vitu na kurudi, nayo huenda taratibu. Eevee hukisia mwanga na kumaliza upesi. Mwaka 2002 watu wa nchi mbalimbali walichanga euro 100,000 ili Blender iwe huru, na tangu hapo haiuzwi. Asidhani mtu kwamba cha bure ni duni: filamu ya Flow, ya Gints Zilbalodis wa Latvia, ilichorwa kwa Blender na injini ya Eevee, nayo ikapata tuzo ya Oscar mwaka 2025.

Lakini bure hiyo ina gharama yake. Filamu ya kawaida hutaka picha 24 kwa kila sekunde. Ikiwa kompyuta ya nyumbani inatumia dakika 5 kuchora picha moja kwa Cycles, basi sekunde 10 tu za mchezo, yaani picha 240, zitaiweka macho kwa saa 20, nayo ikivuma na kutoa joto, na mita ya umeme ikizunguka. Umeme ukikatika katikati, aliyeiagiza mashine itoe filamu moja nzima huenda akaanza upya. Kwa hiyo yafaa kuiagiza ihifadhi kila picha peke yake katika faili la PNG, ili kazi iendelee pale ilipoachia. Tena Blender ya siku hizi hudai kumbukumbu ya gigabaiti 8 kwa uchache. Kompyuta kuukuu isiyofikia hapo imekwisha kumchagulia kijana njia ya nukta.

Kompyuta ikitosha, cha kupima ni mabadiliko. Mtu anayetembea kwa picha 8, akielekea pande 4, ana picha 32. Leo ana shati jekundu, kesho kijana anamtaka awe na kanzu. Mchora nukta atazirudia picha zote 32 kwa mkono. Mfinyanzi atabadilisha vazi mara moja, na mashine itachora tena. Eric Barone wa Marekani aliutengeneza mchezo wa Stardew Valley peke yake, picha na muziki pamoja, kwa miaka minne na zaidi. Nyuso za wahusika alizichora upya mara nyingi, huku jioni akifanya kibarua cha kuwaelekeza watazamaji viti vyao katika ukumbi wa maonyesho. Mchezo ulitoka mwaka 2016 ukapendwa mno. Lakini si kila nyumba iwezayo kungoja miaka minne.

Wapo waliozichanganya njia mbili. Huko Bordeaux, Ufaransa, katika mchezo wa Dead Cells uliokamilika mwaka 2018, mchoraji Thomas Vasseur alikuwa mwanzoni peke yake mbele ya mlima wa kazi. Aliunda maumbo kamili, kisha programu yao wenyewe ikayachora kwa udogo hata yakaonekana kama nukta za mkono. Silaha ilipobadilishwa, mwendo haukuchorwa upya.

Kabla ya kuweka programu yoyote, mzazi na ampe mwanawe daftari la hesabu lenye miraba na kalamu za rangi. Susan Kare alianza hivyo hivyo, kwa karatasi ya miraba, alipobuni alama ndogo za kompyuta ya Macintosh iliyotoka mwaka 1984. Kijana achore mtu mmoja katika miraba 16 kwa 16, akiwa amesimama, kisha amchore tena akipiga hatua. Akiomba ukurasa mwingine kwa hatua ya tatu, awekewe LibreSprite jioni hiyo hiyo. Akiacha daftari na kutoka nje kutafuta udongo wa kufinyangia, basi ianze kupimwa kumbukumbu ya kompyuta.