Karani mpya aandaliwe kabla ya kuwekwa dirishani

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye foleni katika ofisi moja hapa Bujumbura. Mbele yangu alisimama mama aliyerejea kutoka kambi ya Nduta, Tanzania, karatasi zake akiwa amezikunja ndani ya bahasha. Aliuliza swali moja tu, kwa Kirundi kilichochanganyika na Kiswahili cha Kibondo. Binti aliyekuwa dirishani aliicheka lafudhi yake, akamwambia arudi kesho, kisha akaita: "Anayefuata!" Mama yule alikuwa ametoka Rumonge kwa nauli ya kukopa. Mlinzi wa mlangoni alitunong'oneza kuwa binti huyo alikuwa na wiki moja tu kazini.

Ni rahisi kusema vijana wa siku hizi hawana adabu. Mimi sikubaliani na kauli hiyo. Nilipomsimulia mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa anauza dukani, alinijibu: "Mwalimu, siku ya kwanza nilipewa kiti na ufunguo wa droo, basi. Nikiulizwa nisichokijua, nilikuwa nakunja uso ili mtu asiulize tena." Hapo ndipo penye ugonjwa. Ukali wa karani mgeni mara nyingi ni woga. Hajui jibu, anaona haya kusema hajui, na hakuna aliyemwonyesha pa kuuliza.

Nayajua hayo kwa sababu yamenipata. Nilizaliwa katika makazi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, nikasoma huko, nikarejea mwaka 2008. Kirundi changu kilichekwa na Kifaransa sikuwa nacho. Siku ya kwanza darasani nilikuwa mkali kama pilipili. Aliyeniokoa ni mwalimu mzee aliyekaa nami wiki nzima, akinionyesha hata namna ya kumsalimu mzazi aliyekuja na malalamiko.

Waajiri husema mafunzo ni gharama, na kijana akishafunzwa huhamia kwa jirani. Lakini ninachodai si chuo. Kijana akae siku kadhaa kando ya mzoefu kabla ya kuachiwa dirisha. Apewe karatasi moja yenye maswali yanayoulizwa kila siku na majibu yake. Afundishwe kusalimu kwanza, kuhesabu pesa mbele ya mwenyewe, kumsikiliza mwenye hasira mpaka amalize, na kusema bila aibu: "Hilo silijui, ngoja nikuulizie."

Suala la lugha nalo lisipuuzwe. Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mkataba wa Jumuiya unakitambua Kiswahili kuwa lugha ya mawasiliano mapana. Buyenzi na Bwiza wamekizungumza tangu zamani. Maelfu ya vijana waliorejea kutoka Tanzania wanakijua vizuri, ila wengi huachwa kwa kuwa Kifaransa chao ni haba. Mwajiri anayewategemea wateja wa Kigoma ana hazina mlangoni mwake, naye anaipita bila kuiona.

Hasara ya kutowaandaa watu hawa haiishii kwenye heshima. Chukua mfano wa mpakani. Chini ya utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya, mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, uliozalishwa katika nchi wanachama na uliomo kwenye orodha iliyokubaliwa, husamehewa ushuru wa forodha kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa. Kodi nyingine zaweza kubaki. Sasa karani asiyelijua hilo akimjibu mama mwenye magunia mawili kwa mkato, mama huyo atalipa asichodaiwa, au ataitafuta njia ya panya. Huko anaweza kupoteza mtaji wote kwa siku moja.

Nanyi wafanyabiashara wenzangu wa Kobero na Mugina, msiwanyooshee wengine kidole tu. Wangapi kati yenu huondoka kufuata mzigo na kumwachia kijana duka bila kumwambia bei ya mwisho, wala afanye nini bidhaa ikirudishwa? Mkirejea mnakuta wateja wamehamia duka la pili, mnamfukuza kijana. Biashara haigombi, wahenga walisema, lakini mwenye duka asiyefundisha amekwisha kugomba na wateja wake kabla hawajafika.

Nawaomba wakuu wa ofisi, mabenki na maduka waanze na jambo moja: mwajiriwa mpya asikae dirishani peke yake mpaka mzoefu aridhike naye. Yule mama wa Rumonge alirudi kesho yake, kama alivyoambiwa. Alihudumiwa na karani mwingine. Jibu la swali lake lilichukua dakika mbili.