Tunafunza Walezi wa Kupeleka Ng'ambo, Ndugu Zetu Tunawafungia Ndani

Wacha niseme hii kitu leo, hata kama nitapoteza wafuasi.

Tembea Tom Mboya Street, Nairobi, siku yoyote. Angalia kuta na milingoti ya stima. Mabango kila mahali: soma kozi ya ulezi, miezi michache tu, upate kazi ng'ambo. Nina marafiki wamesoma hizo kozi. Wanajua kumgeuza mtu kitandani bila kumuumiza, kumlisha bila kumsonga, kuongea na mtu mzima mwenye ulemavu wa akili bila kumfanya mtoto. Sasa niambie, ni wangapi wanafanya hiyo kazi hapa Kenya? Wanangoja viza tu. Na Uingereza yenyewe ilifunga mlango wa kuajiri walezi wapya kutoka nje Julai 2025.

Na hapa nyumbani tuna watu wanaohitaji huduma hiyo hiyo. Mmoja ni kaka yangu.

Ana miaka 29. Sitamtaja jina wala kuweka picha yake, kwa sababu hakuomba kuwa kontenti. Ana ulemavu wa akili tangu kuzaliwa. Si ugonjwa wa akili, tafadhali. Hivyo ni vitu viwili tofauti na bado tunavichanganya kila siku. Mgonjwa anatibiwa apate nafuu. Kaka yangu hangoji nafuu yoyote, hivyo ndivyo alivyo. Anachukua muda kuelewa, pesa zinamchanganya, hawezi kusafiri mbali peke yake. Lakini anajua kila matatu inayopita kwetu kwa jina na rangi, anapiga pasi kunishinda, na jioni anamsaidia jirani kuuza mayai boilo. Mtaa mzima unamjua.

Alisoma shule maalum hadi akawa mkubwa, halafu shule ikasema imemaliza. Imemaliza nini, sijui. Tangu siku hiyo mlezi wake ni mama. Mama ana miaka 63 na magoti yanamsumbua. Kuna swali moja linamnyima usingizi, na najua kwa sababu ameniuliza mimi: "Nikienda, huyu nitamwachia nani?"

Mwaka jana tukaenda kutafuta jibu. Tulielekezwa kwa makao fulani ya watu wazima kama yeye. Sitayataja, kwa sababu shida si hayo peke yake.

Mwenye makao alituzungusha akiwa na fahari. Sakafu inang'aa, vitanda vimetandikwa vizuri. Sebuleni kulikuwa na watu wazima kama kumi na wawili kwenye viti vya plastiki, wanaangalia runinga saa nne asubuhi, wote wamevaa trakisuti za rangi moja. Nikauliza, "Mchana wanafanya nini?" Akasema, "Wanapumzika." Mbona wengi wanasinzia? "Kuna dawa tunawapa ya kuwatuliza, wasisumbue." Mlango ulikuwa na kufuli kwa nje. Wahudumu walikuwa wawili. Mmoja aliniambia pembeni kwamba huo ni mwezi wake wa pili na hajafunzwa chochote. Bei ni shilingi 25,000 kwa mwezi.

Hakuna aliyemuuliza kaka yangu anapenda nini. Hata jina lake waliliuliza kwa mama, na yeye amesimama pale pale. Tukirudi alisema neno moja tu: "Sitaki." Mama alilia hadi tukashuka stejini.

Najua kuna mtu hapo anasema, "Angalau wanalishwa, wana kitanda." Hiyo "angalau" ndiyo imetufikisha hapa. Kuku pia analishwa na ana mahali pa kulala. Kama wewe ungefungiwa kwa kufuli, uvalishwe nguo usiyochagua na upewe tembe ya kukunyamazisha, hungeita hiyo huduma. Ungetafuta wakili.

Na sheria tunayo, msinidanganye. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuheshimiwa utu wake na kuitwa kwa njia isiyomdhalilisha. Mwaka 2008 Kenya iliidhinisha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Kifungu cha 19 cha mkataba huo kinampa mtu nafasi ya kuchagua aishi wapi na aishi na nani, sawa na wengine wote, na kusaidiwa akiwa ndani ya jamii. Katiba yetu, kifungu cha 2(6), inasema mikataba tuliyoidhinisha ni sehemu ya sheria za Kenya. Mwaka 2025 tukapata Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu kuchukua nafasi ya ile ya 2003. Karatasi ziko. Kinachokosekana ni mtu wa kubisha ule mlango wenye kufuli.

Pesa je? Kwenye Inua Jamii, familia yenye mtu mwenye ulemavu mkali, ikibahatika kuingia kwenye orodha, inapata shilingi 2,000 kwa mwezi. Piga hesabu. Pesa ya mwaka mzima ni 24,000. Haifikishi mwezi mmoja wa makao yale ya kusinzia.

Binamu yangu anafanya hii kazi Uingereza. Anahudumia nyumba ya watu watatu. Kila mmoja ana mkataba wake wa kupanga, chumba chake na ufunguo wake. Kampuni ya ulezi siyo mwenye nyumba, kwa hivyo ikifanya kazi ovyo, unabadilisha walezi na unabaki kwako. Fikiria hiyo tu. Hapa ukilalamika kuhusu mhudumu unaambiwa mchukue mtu wako uende. Binamu anasema asubuhi kazi yake siyo kumpikia mtu chai. Kazi yake ni kusimama kando mtu ajipikie mwenyewe, hata ikichukua nusu saa.

Lakini nisiwauzie Uingereza kama mbinguni. Mwaka 2011 kipindi cha Panorama cha BBC kilipeleka mwandishi na kamera ya siri ndani ya Winterbourne View, hospitali ya kibinafsi ya watu wenye ulemavu wa akili karibu na Bristol. Wagonjwa walikuwa wanapigwa na kudhihakiwa. Wafanyakazi 11 walipatikana na hatia, sita wakaenda jela. Na muuguzi mmoja alikuwa ameshatoa onyo, hata mamlaka ya ukaguzi ikaambiwa, na haikuchukua hatua. Mwaka 2019 Panorama ikafichua mambo kama hayo Whorlton Hall, na hapo wakaguzi walikuwa wamepaona pazuri. Halafu kuna Oliver McGowan, kijana wa miaka 18 aliyekufa mwaka 2016 baada ya kupewa dawa ambayo yeye na wazazi wake walikuwa wamesema asipewe. Leo kuna mafunzo kwa wahudumu Uingereza yenye jina lake.

Kwa hivyo tusidhani jengo zuri na cheti ukutani vinatosha. Wale wana wakaguzi, wana bajeti, na bado mlango ukifungwa watu wanaumizwa. Sisi tusio na hivyo vyote tunajidanganya kwamba kwetu kuko shwari kwa sababu hakuna kamera imeingia.

Halafu kuna wale wa "sisi Waafrika hatupeleki watu wetu kwa makao, familia inatosha." Familia ni nani? Kwetu familia ni mama. Wajomba wanakuja Krismasi, wanaacha mia tano, wanaomba, wanaenda. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Na kabla mniulize: ndiyo, hata mimi. Nilihamia Nairobi kutafuta maisha, nikajiambia kutuma pesa kwa simu ni ulezi. Mama hakuwahi kunilaumu, na hiyo ndiyo inauma. Nyumba nyingine huko ndani kuna mtu mzima anafichwa wageni wakija. Tunaita hiyo upendo kwa sababu hatujawahi kupewa kitu kingine.

Na nyinyi wenzangu wa kontenti, mnaoingia kwa makao na mifuko ya unga na kamera. Mnapiga picha watu wazima bila kuwauliza, mnaweka muziki wa huzuni, mnapata laiki. Mbona hamuulizi kuhusu kufuli? Kwa nini hamuulizi zile tembe ziliandikwa na daktari yupi? Mmemsaidia mwenye makao kujitangaza, basi.

Mimi nataka hivi vitu, na havihitaji muujiza:

Moja, kila makao ya aina hii yajulikane, yakaguliwe bila kuonywa mapema, na ripoti iwekwe mahali mzazi yeyote anaweza kuisoma.

Mbili, asipewe mtu dawa ya kumtuliza bila daktari kuandika sababu, na bila yeye na familia kuelezwa. "Asisumbue" siyo ugonjwa.

Tatu, wale vijana waliosoma ulezi waajiriwe hapa na walipwe vizuri. Mlezi mmoja anaweza kuhudumia watu watatu ndani ya mtaa wao, kwenye nyumba ya kupanga ya kawaida, karibu na watu wanaowajua.

Nne, pesa imfuate mtu. Ikipewa yeye, anaweza kuondoka kwa mlezi mbaya. Ikipewa makao, amefungwa nayo.

Tano, muulizeni yeye mwenyewe. Kama haongei, muangalie. Atakuonyesha.

Hiyo ya tano tumeianza nyumbani. Nilinunua daftari, nikakaa na kaka yangu jikoni, tukaandika mtu atakayemsaidia siku moja anafaa kujua nini. Chai sukari tatu. Asiguswe kichwani. Mvua kubwa inamtisha, usimcheke. Jioni ni mayai, hiyo haibadiliki. Ilituchukua Jumapili mbili. Mwisho nikamuuliza anataka kuongeza nini. Akafikiria sana, akasema niandike "ufunguo." Wa nini? "Wa kwangu."

Sina hiyo nyumba bado. Nimepiga hesabu ya vyumba viwili karibu na kwa mama na mshahara wa mlezi mmoja, na peke yangu sifiki. Tukiwa familia tatu tunafika. Kwa hivyo kama uko Nakuru na una ndugu kama wangu, nitafute tuongee. Na kama wewe ni MCA unayesoma hii, usinitumie salamu. Niambie tu katika wodi yako kuna makao mangapi, na mara ya mwisho uliingia lini bila kupiga simu kwanza.