Abiria Wahesabiwe Wangali Gatini

Alhamisi, tarehe 20 Septemba 2018, ilikuwa siku ya gulio huko Bugolora, wilayani Ukerewe. Watu wa kisiwa cha Ukara walikuwa wamevuka kwenda kuuza na kununua, na mchana ulipopinda wakapanda kivuko cha MV Nyerere kurejea makwao, pamoja na mahindi, ndizi na mifuko ya saruji. Kivuko hicho kiliidhinishwa kubeba abiria 101. Kilipinduka kikiwa kimekaribia kabisa gati la Ukara. Waliokufa walipita 220. Waliookolewa wakiwa hai ni 41.

Miili ilipokuwa ikiopolewa, swali moja lilikosa wa kulijibu: ndani ya chombo kile walikuwamo watu wangapi? Mkata tiketi alikuwa amekufa pamoja na abiria wake, na mashine ya tiketi ilikuwa imepotea majini. Nchi kavu hapakuwa na hesabu ya kutegemewa. Ndugu wasomaji, taifa huru lilijua idadi ya abiria wake kwa kuhesabu maiti.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa njiani kuingia Mwanza. Ilikuwa meli ya abiria 430. Wa daraja la kwanza na la pili waliandikwa. Wa daraja la tatu, wenye nauli ndogo, hawakuwa na orodha. Ndiyo maana hadi leo yuko anayesema walikufa mia nane na yuko anayesema walifika elfu, na wote wawili wanakisia. Yule maskini aliyesafiri chini kabisa ya meli hakuhesabiwa alipopanda, na kwa kuwa hakuhesabiwa alipopanda, hakuhesabika sawasawa alipokufa. Miaka 15 baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, Spice Islander I ilizama upande wa Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba. Uchunguzi ulionyesha kuwa waliokuwamo walizidi 2,000, ilhali meli iliruhusiwa kubeba mia sita na kitu. Haukupita hata mwaka mmoja, Julai 2012, MV Skagit nayo ikazama karibu na Chumbe ikitokea Dar es Salaam. Na wenzetu wa Mombasa hawajasahau feri ya Mtongwe, Aprili 1994, iliyoua watu 272.

Tumezoea kusema misibani kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Mfiwa ana haki ya kujifariji kwa maneno hayo, na mimi simnyang'anyi. Lakini mwenye mamlaka akiyasema mbele ya vyombo vya habari, anamtwisha Mungu mzigo wa ofisi yake. Mungu hakukata tiketi. Chombo cha abiria 101 kikibeba watu zaidi ya mara mbili ya hao, kuna mtu aliyewaona wakipanda, kuna mtu aliyepokea nauli yao, na kuna mtu ambaye kazi yake ilikuwa kusema “basi, inatosha” na hakusema, au hakuwapo.

Hapo ndipo penye neno langu. Usimamizi wa Serikali juu ya usafiri wa umma upimwe kwa kile kinachofanyika gatini kabla ya kamba kufunguliwa. Abiria wahesabiwe wangali nchi kavu, nakala ya hesabu ibaki nchi kavu, na awepo mtu mwenye uwezo wa kukizuia chombo bila kumwogopa mwenye chombo. Yanayofuata baada ya maafa, ziara na hotuba na bendera nusu mlingoti, ni maombolezo. Hayo pia yana nafasi yake, lakini hayajapata kumwokoa mtu.

Tazameni yaliyotokea mwaka 2018. Siku nne za maombolezo zilitangazwa. Bodi ya TEMESA, wakala unaoendesha vivuko, ikavunjwa, na bodi ya SUMATRA, mamlaka iliyodhibiti usafiri wa nchi kavu na majini, ikavunjwa. Rais Magufuli alilieleza taifa kwamba nahodha hakuwa kwenye usukani, alimwachia mtu asiyesomea kazi ile, na watu wakakamatwa. Mimi silaumu hatua hizo. Ninalouliza ni hili: hizo bodi zilijua nini siku ya Jumatano, siku moja kabla? Mbunge wa Ukerewe wa wakati ule, Joseph Mkundi, alikwisha kulalamika Bungeni juu ya kivuko cha MV Nyerere. Kilio kilikuwa kimefika mahali pa juu kabisa panapofikiwa na vilio katika nchi hii. Kikaishia kwenye kumbukumbu za Bunge.

Sababu moja ya kuishia huko iko wazi kwa atakayetaka kuitazama. TEMESA ni wakala wa Serikali. Kazi yake ni kutengeneza magari ya Serikali, kushughulikia mitambo na umeme, na tena kuendesha vivuko. Vivuko ni mali ya Serikali. Aliyepaswa kuvikagua na kuvifungia naye ni chombo cha Serikali. Mkaguzi kijana aliyetumwa kukagua pantoni ya Serikali anajua kwamba akiifungia, simu zitapigwa: kwa mkuu wake, kwa mkuu wa wilaya, wizarani. Wananchi wamekwama, ataambiwa, wewe nani hata uwakwamishe? Basi la mtu binafsi lenye tairi kipara hushushwa abiria barabarani na tunashangilia. Kivuko cha umma chenye dosari huachwa kiende kwa kuwa ni chetu. Huruma ya namna hiyo ndiyo iliyotuzika.

Mpangilio wa udhibiti umebadilika. SUMATRA haipo tena; usafiri wa ardhini uko chini ya LATRA iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, na wa majini uko chini ya TASAC, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2017. Kugawa kazi lilikuwa jambo jema, kwa maana jicho moja halikuweza kutazama daladala, treni na meli kwa wakati mmoja. Lakini sheria ile ya 2017 iliipa TASAC udhibiti wa usalama, na papo hapo ikaipa kazi za biashara ya uwakala wa meli. Siwatuhumu watumishi wake. Wamo mabaharia wenye ujuzi. Nasema tu kwamba anayekagua asiwe na duka sokoni. Bunge lilitunga sheria hiyo na Bunge linaweza kuzitenganisha kazi hizo: mkaguzi akae peke yake, taarifa zake zisomwe Bungeni, na mkuu wake asiondolewe kwa sababu alifungia chombo cha Serikali siku ya gulio.

Hapa najua msomaji wa visiwani atanikatiza, na ana haki. Ataniuliza: mkaguzi wako akihesabu 101 na kufunga lango, je, sisi tuliobaki tulale wapi?

Swali hilo ndilo kiini cha jambo lote, na wanaopenda kuzungumzia sheria hulipita haraka. Mama wa Ukara aliyeuza dagaa wake Bugolora ana watoto wanaomngoja ng'ambo. Kivuko ni kimoja. Akifungiwa lango, hatarudi sokoni kutafakari usalama. Atashuka mwaloni na kupanda mtumbwi wa mbao, usio na jaketi la kuokolea wala taa, jua likiwa linatua na upepo wa ziwa unainuka. Tutakuwa tumempunguza kwenye hesabu ya kivuko na kumwongeza kwenye hesabu ya mitumbwi, ambayo hakuna anayeiandika. Kwa hiyo asitudanganye mtu kwamba usalama ni kazi ya mkaguzi, uwekezaji ni kazi ya hazina, na urahisi wa kufika ni hisani ya kufikiriwa baadaye. Ni jambo moja. Kikomo cha abiria bila chombo cha pili ni adhabu kwa maskini, na chombo cha pili bila kikomo ni kaburi la pili.

Na siku za gulio zinajulikana! Hazishuki kama radi. Kila juma siku ni ileile, kama ilivyo mwezi wa Disemba watu wanaporudi makwao, kama zilivyo siku za kufungua shule. Mwenye kivuko anayeshindwa kuongeza safari katika siku ambayo hata mtoto wa darasa la pili anaijua hawezi kujitetea kwamba alizidiwa ghafla. Nasema pia juu ya mizigo. Watu walionusurika katika ajali za namna hii hueleza jambo moja: chombo kinapokaribia gati, wote huinuka na kujaa upande wa kushukia. Mzigo uliopangwa ovyo juu ya sitaha, pamoja na watu waliosimama, hukifanya chombo kiwe kizito kichwani, na kikilala upande mmoja hakiinuki. Kwa hiyo uzito wa saruji na magunia uandikwe kama wanavyoandikwa watu, na mabaharia wawe na amri ya kuwakalisha abiria mpaka kamba zifungwe.

Baada ya msiba ule, Ukara ilipata kivuko kipya, kikubwa kuliko kilichozama. Twashukuru. Huko Mwanza nako meli kubwa ya abiria 1,200, MV Mwanza, ilishushwa majini Februari 2023, na MV Victoria ya zamani ilifufuliwa kwa ukarabati. Fedha nyingi zimetumika na sioni ubaya. Ninaloliogopa ni desturi yetu ya kupenda kuzindua kuliko kutunza. Uzinduzi una utepe na ngoma. Kubadilisha pampu ya maji machafu hakuna utepe. Injini inayohitaji matengenezo kila baada ya saa kadhaa za kazi haijui kwamba mwaka wa fedha umeisha na fungu limekauka. Fedha ya matengenezo ya vivuko itengwe peke yake, isichotwe kwa safari za mikutano, na nauli ya visiwani ibaki ndogo hata kama haitoshelezi gharama, maana kwa mtu wa kisiwani kivuko ni barabara yake. Hatumdai mtu wa Dodoma nauli ya kutembea juu ya lami.

Tena kuna watu ambao hata kwenye hesabu ninayoidai hawangeonekana, kwa sababu hawafiki gatini. Tunayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Nenda kwenye magati madogo ya ziwa uone jinsi inavyotii maji. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi kiwango cha juu kabisa kilichokuwa kimewahi kupimwa, na mialo na magati mengi yakafunikwa. Maji yakipanda, mlango wa kivuko haulali sawa na gati. Yakishuka, panabaki shimo. Kijana mwenye nguvu anaruka. Mwenye kiti cha magurudumu anabebwa mgongoni kama gunia, mbele ya wakwe na wajukuu. Mjamzito anayekimbizwa hospitali anavuliwa viatu na kuvushwa majini. Gati linaloelea, linalopanda na kushuka pamoja na ziwa, si muujiza. Bandari nyingi duniani zinayo. Yajengwe hayo kwanza, kabla ya jengo la ofisi la mtu yeyote.

Kuhusu uokoaji nitasema kidogo. Mwaka 2018 shughuli ilisimamishwa giza lilipoingia, ikaendelea asubuhi. Ndege ilipoanguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba Novemba 2022 na kuua watu 19, waliofika kwanza na kuokoa wengi walikuwa wavuvi wenye mitumbwi na makasia. Wavuvi hao wapewe mafunzo, kamba, taa na simu za upepo, na walipwe wanapoacha nyavu zao kwenda kuokoa. Ni jeshi lililokwisha kuwapo majini, linangoja kutambuliwa.

Nanyi abiria wenzangu, msidhani nimewasahau. Tunapomsukuma mlinzi wa lango, tunapompa mkata tiketi fedha bila kuchukua tiketi ili tupite upesi, tunafuta majina yetu kwa mikono yetu. Mtu asiyekuwa na tiketi hana jina, na ndugu zake watakuja kubishana na Serikali kama alikuwamo au hakuwamo. Dai tiketi. Soma idadi iliyoandikwa ubavuni mwa chombo. Ukiona wamezidi, piga kelele ungali nchi kavu, na wazee wa kijiji wapiganie haki ya kuteua mtu wao wa kusimama gatini na kuhesabu pamoja na mkaguzi.

Bunge la bajeti hukutana kila mwaka kuanzia Aprili. Waheshimiwa wabunge wa Ukerewe, Muleba, Sengerema, Mafia, Pemba na Kigamboni, ninyi ambao wapiga kura wenu huvuka maji ili waishi, msipitishe fungu la Ujenzi wala la Uchukuzi kabla hamjapewa daftari la ukaguzi la kila kivuko na kila meli inayobeba watu wenu: tarehe kilipokaguliwa, dosari zilizoonekana, dosari zilizorekebishwa, na siku kilipozuiwa kuondoka. Kama katika mwaka mzima hakuna chombo hata kimoja kilichozuiwa, muulizeni waziri kwa nini.